Nyota za Chini ya Kuba

Kandambili za Djafari ndizo Rachida alizoziona kwanza. Yaya wake huyo, kaka mkubwa aliyemlea tangu baba yao azikwe, alikuwa amezikaza miguuni kwa mpira wa baiskeli, kama wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila wanavyofanya kabla ya kushuka shimoni. Lakini hapa ni Kasongo mjini, mchana kweupe, na shimo hakuna. Mkononi alishika panga.

Rachida akaacha kushona. Kitambaa cheupe alichokuwa nacho kilikuwa cha kufunika kuba kwa ndani, humo katika nyumba ya sayansi ambayo Mwalimu Célestin aliijenga ili watoto washike kila kitu kwa mikono yao: sumaku, magurudumu, vioo. Chini ya kuba wangekaa gizani, taa iwashwe ndani ya bati lililotobolewa, na mbingu nzima izunguke juu yao.

Neno moja liliharibu yote. Asubuhi Mwalimu alisema redioni, kwa furaha yake: "Wazazi, leteni watoto! Nyota zao zote tumezikusanya humu ndani!" Yeye alimaanisha nyota za mbinguni. Lakini mtu wa Kasongo akikosa bahati, husema nyota yake imeibiwa. Wachimbaji waliorudi mikono mitupu wakasikia, na hawakuuliza mara mbili.

"Mwalimu!" Djafari aliita mlangoni. "Ni kweli kila kitu hapa kinaguswa?"

"Kila kitu, ndugu yangu. Karibu."

"Basi tunagusa."

Akampiga usoni kwa ubapa wa panga. Wenzake wakamiminika ndani na mitarimbo, wakavunja vioo, wakapondaponda magurudumu, kisha wakamburuta Mwalimu kwa shati mpaka chini ya kuba.

"Nyota yangu iko wapi?"

"Ni bati tu! Bati na taa!"

"Muongo! Mwaka muzima nachimba matope, weye unanenepa!"

"Mpapase vizuri," mmoja akacheka, akimkanyaga tumbo. "Pengine na yangu iko mfukoni."

Mtarimbo ukashuka. Mfupa wa bega la Mwalimu ukalia kama kuni kavu, damu ikarukia kitambaa cheupe. Djafari akaligeuza panga, sasa makali chini, akaliinua. Wote wakanyamaza, wakingoja.

Rachida alikuwa amejibanza kwenye ukuta wa kuba. Siku moja Mwalimu alimsimamisha hapo, yeye akaenda upande wa pili, akanong'ona, "Habari, fundi?" Sauti ikamjia sikioni kana kwamba yuko karibu naye. "Kuba haina siri," alimwambia akicheka.

Mtaa mzima ulimsifu Rachida: mbele ya mkubwa wake hainui macho, hajibu neno. Hata jicho lake lilipovimba kwa kipigo cha Djafari, alinyamaza, na huko nako kukahesabiwa adabu.

Sasa akageuza uso ukutani, akanong'ona.

"Yaya."

Sauti yake ndogo ikapanda, ikazunguka, ikashuka masikioni mwa kila mwanamume. Panga likasimama hewani. Djafari akatazama juu, akatazama nyuma, hakujua imetoka wapi. Mwalimu akajivuta kutoka chini ya miguu yao. Wenzake wakarudi nyuma, mmoja akadondosha mtarimbo.

"Yaya Djafari," ukuta ukasema tena, "kukunyamazia kwangu si heshima. Ni woga. Nakuogopa tangu siku tulipomzika baba."