Herufi ya Evodia

Kefa aliingia kwenye kafe ya intaneti pale Utemini na fimbo yake ya kuchungia, akamshika Loyce, mhudumu wa pale, nywele, akamburuta hadi kwenye kompyuta ya pembeni.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Sijui, kaka Kefa."

Kofi likampasua mdomo. Wateja wakatoka mbio.

"Juzi nilichungulia dirishani. Aliandika herufi d, akaacha nafasi, akaandika jina la dada yake, barua pepe zake zote zikafunguka. Ujanja huo umemfundisha wewe!"

Ilikuwa kweli. Loyce ndiye aliyemwekea Evodia njia hiyo ya mkato ya kutafuta ndani ya barua pepe zake, maana vidole vyake, vilivyowahi kuvunjwa na mume huyuhuyu, vilichoka haraka. Na katika barua hizo dada yake alikuwa amemwelekeza nyumba ya kujificha, kule Nduguti.

"Fungua!" Fimbo ikamshukia mgongoni.

"Usinipige, nafungua."

Loyce alifungua mipangilio, akaichagua ile d, akaifuta. Kefa, ambaye kompyuta alikuwa akiiona tu, alidhani ndiyo kufungua kwenyewe.

"Haya, andika mwenyewe."

Kefa akabonyeza d kwa kidole kimoja, akaacha nafasi, akaandika jina la shemeji yake, Yasinta. Bila ile njia ya mkato, kompyuta ikatafuta mtandaoni badala ya kwenye barua, wakatokea akina Yasinta wa dunia nzima, watawa na waimbaji.

"Yupi sasa?" akanguruma.

"Hao ndio waliopo, kaka."

Fimbo ikapasua kioo cha kompyuta, kisha ikamgeukia yeye. Loyce alijikunja sakafuni akificha kichwa, na mpaka vijana wa gereji ya jirani wanakuja kumkamata Kefa, neno Nduguti lilikuwa halijamtoka.