Vidole vya Msimu wa Korosho

Mashine ya mahudhurio ilipofika chuoni, aliyeifurahia kuliko wote alikuwa Stamili, mkufunzi wa ushonaji. Na kwa nini asifurahi? Miaka yote yeye ndiye aliyefungua karakana wakati jogoo wa mlinzi bado anawika, huku wenzake wakiingia saa ya chai na kukuta mtu kashawasainia. Bingwa wa kusainia wenzake alikuwa Silvano, mhasibu, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, aliyeweza kuiga saini ya yeyote pale chuoni, aliye hai na aliyekwishazikwa. Kwenye kikao Stamili ndiye aliyeipigia debe mashine mpaka koo likamkauka. "Kidole hakiazimwi," alisema, na wenye hatia wakainama kutazama soli za viatu vyao.

Chuo chenyewe kilikuwa cha watu binafsi, miongoni mwa vile vilivyoota kama uyoga serikali ilipolegeza kamba, pembeni mwa Masasi upande wa Lisekese. Mkuu wake, Bwana Kulwa, alikuwa Msukuma aliyekuja kusini mapema mwaka ule, na korosho alikuwa anazijua za pakiti tu. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kazi, basi. Mwezi wa Juni kila mtu akasajiliwa kidole gumba, na mashine ikabandikwa karibu na mlango wa ofisi. Ikikutambua, sauti ya kike ilisema "asante." Isipokutambua, ilisema "jaribu tena," kwa madaha kama ya binti aliyechoshwa na wachumba. Wakufunzi wakaibatiza jina la Mabel.

Miezi ikapita, Mabel akimshukuru Stamili kila asubuhi. Kisha msimu wa korosho ukaingia, na Mabel akabadilika. Jaribu tena. Stamili akafuta kidole kwenye kanga, akajaribu. Jaribu tena. Akakipulizia, akakilowesha, akakibonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe. Siku nyingine alibahatika, siku nyingi hakubahatika. Mchimba kisima kaingia mwenyewe, na hakuna aliyekuwa juu wa kumtupia kamba.

Hilo lisingekuwa kitu kama si ajira. Stamili alikuwa wa mkataba wa muda, na Desemba bodi ya chuo ingekaa kuamua nani apewe ajira ya kudumu na nani aagwe. Bwana Kulwa alimwita ofisini, akamwonyesha karatasi iliyotoka kwenye mashine.

"Mama Awadhi, mimi nakuona hapa kila siku," alisema. "Lakini bodi haikuoni wewe, inaiona karatasi hii. Na hapa unasomeka mtoro. Kidole chako kina nini?"

"Labda ni jasho, mkuu," alijibu Stamili, akaficha mikono chini ya meza.

Haikuwa jasho, na alijua. Kila Jumamosi alipanda kwao Chilangala, juu Newala, kubangua korosho na mama yake na wanawake wa jirani. Walibangua kwa zamu, leo kwako, wiki ijayo kwangu, na asiyekwenda kwa mwenzake asitegemee watu kwake. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Ndiyo maana tangu zama za mabibi mbanguaji hupaka mikono majivu kabla hajashika rungu la kugongea korosho. Ila Stamili alikuwa ameacha majivu. Mwaka uliopita mwanafunzi mmoja alimwuliza kuhusu weusi wa majivu uliong'ang'ania kwenye kucha zake, mbele ya darasa, na yeye akajibu kwamba kwao kuna vibarua wa kubangua. Uongo ule ulimtoka kama maji. Tangu hapo alibangua mikono mikavu, ili Jumatatu arudi kazini na kucha za mkufunzi. Kucha zikabaki safi, na vidole vikabambuka mpaka vikawa laini kama kioo.

Jumamosi iliyofuata zamu ilikuwa kwa mama yake. Stamili alipanda na uamuzi kwamba msimu huu hashiki tena korosho, na njia nzima hakujua ataanzaje kulisema. Alimkuta mama yake, Bi Rahima, akigeuza korosho kwenye bati juu ya moto, moshi ukiwafukuza kuku uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umeshika mikono kama uko msibani?"

Ikabidi aseme yote. Mama yake akamsikiliza, kisha akakivuta kiganja chake na kukigeuza kwenye mwanga.

"Majivu hukupaka?"

"Sikupaka."

"Yameisha Masasi?"

Stamili akakirudisha kiganja chake ndani ya kanga. Akasema polepole kwamba aliona haya watu wa chuoni wasije wakajua.

Bi Rahima hakufoka. Afadhali angefoka. "Ada yako ya sekondari ilitoka kwenye bati hili," alisema. "Mimi sikuona haya hata siku moja. Leo hushiki rungu, wenzio nitawaeleza, watanielewa. Chukua ungo upepete. Lakini Jumatatu nenda kawaambie ukweli. Kazi ukiikosa kwa kusema kweli, rudi, tutakula ugali. Ukiikosa kwa kuficha mikono, hilo nitaumwa nalo."

Stamili alipepeta siku nzima, na machozi yake akayasingizia moshi.

Jumatatu kulikuwa na kikao cha wafanyakazi wote. Bwana Kulwa alisimama na karatasi zake, uso umekunjamana. Tangu msimu uanze, alisema, karibu nusu yao hawaonekani kazini. Mashine imeletwa kuwanyoosha, wao wamezidi kupinda. Bodi ikiyaona haya haitamwacha mtu.

Stamili akashtuka. Nusu yao? Kumbe hakuwa peke yake. Akasimama kabla woga haujamkalisha.

"Mkuu, mimi nilikuja kila siku," alisema, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya watu. "Nabangua korosho. Nilisema nina vibarua, si kweli. Nabangua mwenyewe, na niliacha kupaka majivu kwa kuogopa mtanicheka. Mafuta ya ganda yamekula alama za vidole. Mashine haina kosa, wala mimi si mtoro."

 Kisha nyuma kule kiti kikasogezwa, na Silvano akasimama, tai na yote, akanyoosha vidole vilivyobambuka kuliko vya Stamili.

"Mke wangu ana chama chao cha kubangua, namsaidia jioni," alisema akitazama ukuta. "Majivu yanachafua mikono ya shati."

Hapo Veridiana, mkufunzi wa kompyuta, akaanza kucheka, na vicheko vya Veridiana vinaambukiza. Naye akaonyesha vyake. Wakaonyesha wengine. Watu waliokuwa wakifichana kucha tangu msimu uanze sasa walikuwa wakishindana nani kaungua zaidi.

Bwana Kulwa alishuka, akapita kiti kwa kiti akishika viganja kama nesi. "Hebu nionyesheni mnavyobangua," alisema. Basi chumba kizima, wenye shahada na wenye stashahada, wakaanza kubangua hewa: mkono huu umeshika korosho, huu unagonga, gumba linafukua. Mkuu akatazama kwa makini.

"Kidole hiki cha mwisho mbona kimekaa pembeni?"

Kweli, kwa wote kidole kidogo kilikuwa kimejitenga juu kama bwana harusi. Hakigusi ganda. Mchana ule ule walisajiliwa upya, kila mtu kwa kidole kidogo, na Bwana Kulwa akaiandikia bodi kwa mkono wake kwamba wakufunzi wake si watoro bali ni wabanguaji.

Bodi ilipokaa, Stamili alipewa ajira ya kudumu. Siku ya kusaini mkataba alikuja na mama yake, aliyesema lazima amwone huyo Mabel. Bi Rahima akaweka gumba. Jaribu tena. Akaweka cha shahada, akaweka vyote, hata kile kidogo, kwa maana miaka mingi ya maganda haikukisaza. Jaribu tena.

"Anasemaje?" aliuliza.

"Anasema hakujui, mama," alijibu Stamili, akivitazama vidole vile na kujua ni kitu gani kilichovifuta.

"Si neno. Mimi sikuja kujulikana. Weka chako."

Stamili akaweka kidole kidogo. "Asante," ikasema mashine.

"Haya, karibu," akajibu Bi Rahima, akajifunga kanga vizuri na kutangulia kutoka. Mlangoni akageuka. "Jumamosi zamu ni kwa Mama Pili. Majivu nimekuchekechea."