Kikombe ya Maman Mayi

Miaka mbili nzima watu wa mutaa ya Muhumba wananiita Maman Mayi, mama wa maji. Ni Philémon, chef wangu wa zamani, mwenye kuuza rangi, ndiye alimwaga mayi mu rangi ya masomo moja, shule ya watoto. Ukuta ikaanza kutoka maganda, naye akasema: "Emérence alipima mubaya." Nikafukuzwa. Mimi mwenye kupima rangi miaka kumi na moja. Nilimuwekea kinyongo mu roho.

Juzi Padri Grégoire alinunua kwa Philémon rangi ya salle ya paroisse, ukumbi ya kanisa, akaniita nipime kabla ya kuipokea. Nilikubali hata hajamaliza kuuliza.

Kikombe yangu ni ya chuma, chini iko na katundu. Unaziba na kidole, unajaza rangi, unatoa kidole, unahesabu mpaka uzi ya rangi inakatika. Rangi ya muzuri inashuka quarante secondes, ni kusema arobaini. Yenye mayi inakimbia, hata vingt, ishirini, haifiki.

"Maman Mayi, leo chrono yako inatembea?" Philémon akauliza mbele ya wapakaji rangi wa Padri.

"Shika wewe hii saa, papa. Mutu asiseme tena nilipima mubaya."

Akahesabu mwenyewe. "Quarante, juste." Siku za mwizi nazo ni quarante, nikawaza. Ile uzi haikukatika safi, ilivutika kama uji. Nikageukia Padri.

"Padri, kwanza Philémon aandike nani alichanganya hii rangi."

Philémon akaandika kwa furaha: mimi peke yangu, kwa mukono yangu. Akatia sinyatire, sahihi yake.

Ndipo nikatoa mu sakoshi yangu ya begani teinture d'iode, ile ya kupakaa vidonda. Tone moja mu rangi nyeupe, ikageuka bluu, kisha nyeusi.

"Padri, hii dawa inageuka hivi ikikuta bunga, unga ya muhogo. Alizidisha mayi, akapika bunga kama bugali, akaitia ndani ili adanganye kikombe. Ku soko waliniambia amenunua gunia nzima, yeye mwenye kukula wali tu."

Padri akamuangalia sana. "Na rangi ya ile masomo, Philémon?"

Akainamisha kichwa. Nilisikia utamu, siwezi kudanganya.

"Maman Emérence," akaniambia kwa sauti ya chini, "nihurumie. Niko na jina mu hii muji."

Miaka mbili hakutaja jina yangu ya kweli. Nikafuta kikombe pole pole, nikaiweka mu sakoshi.

"Beba mapipa yako, Papa Bugali."

Wapakaji wakacheka. Nikajua hiyo jina itafika kwake nyumbani mbele yeye mwenyewe hajafika.