Mtungi wa Kwanza wa Lanxiu

"Hivi mwenzangu, hayo mayai yamelala au yamekufa?" Bibi Meng, jirani, alimuuliza Lanxiu siku moja, akichungulia bandani huku akimenya mbegu za alizeti.

"Yamelala. Na wewe usiyapigie kelele."

Ulikuwa mtungi wake wa kwanza wa mayai ya kuivishwa kwa chai na magadi tangu mumewe azikwe. Marehemu alipima magadi, chokaa na chumvi kwa kiganja, wala hakuandika popote. Lanxiu alikumbuka tu weusi wa ile chai aliyoyamiminia mayai ya bata, na jinsi alivyokuwa akinyamaza anapokoroga. Shemeji yake, Shouyi, alikuwa ametamka mbele ya ukoo mzima: mayai ya mtungi huo yakitoa maua, ile michoro myeupe inayochipuka juu ya ute yai likiiva vyema, banda na bata vibaki kwa mjane, yakiharibika, avichukue yeye. Lanxiu akakubali.

Basi akangoja. Kila asubuhi alichoma udi mbele ya sanamu ya Guanyin, mungu wa kike wa huruma, akaomba, kisha akakaa kando ya mtungi. Ukungu wa ziwa la Gaoyou uliingia bila hodi, ukajaa mpaka asijue maji yanaishia wapi na sakafu inaanzia wapi. Mara nyingine alijiona yeye ndiye aliyemo ndani ya chai ile nyeusi, anageuka taratibu kuwa kitu kingine, na mumewe yuko juu, ameinama, anasikiliza.

Siku ya thelathini na tano Shouyi akaja.

"Toa yote tuyapasue, shemeji. Siku zimetimia."

"Zimetimia kwa mwaka wa joto. Mwaka huu baridi imegoma kuondoka." Lanxiu alichukua yai moja, akalirusha kidogo, akalidaka. Lilitua kiganjani kama jiwe, bila lile tetemeko la yai lililoiva. "Bado," alisema, akalirudisha.

"Sema unaogopa! Kaka alikuwa na kiganja kama koleo. Hicho chako ni cha kushikia sindano."

Alitamani kuyapasua yote palepale, liwalo na liwe. Akaufunika mtungi, akaukalia.

"Siku kumi tena. Ukitaka leo, niondoe hapa kwa nguvu, kisha ukawaeleze wazee."

Shouyi alicheka, akaenda zake.

Siku kumi zikapita kama pumzi ya mtu aliyelala. Shouyi aliporudi, Lanxiu alirusha yai, akalidaka, nalo likatetemeka kiganjani, tetemeko jepesi lililompanda mpaka kwenye kiwiko. Akalimenya bila haraka. Ute ulikuwa umeganda, una rangi ya asali iliyoungua, na juu yake yametanda matawi meupe ya msonobari, madogo, kama umande ulioganda usiku.

Alilikata kwa uzi, akanyunyizia siki na tangawizi, akamsogezea sahani.

Shouyi alitazama maua yale kwa muda mrefu. Akala kipande, akala cha pili. Machozi yakamlengalenga.

"Tangawizi yako kali, shemeji," alisema.

Akachukua yai jingine mtungini, akalifuta maji kwa shati lake, akalitia mfukoni, akatoka, akimwachia banda lake na bata wake.