Kiti cha Nne

Mahjong, ule mchezo wa Kichina wa kete, huchezwa na watu wanne. Wakibaki watatu, kete zinalala sandukuni. Kwa sababu hiyo tu, fundi saa mstaafu, ambaye miaka yote ya ndoa yake aliuita mchezo huo kelele za vikombe, alijikuta Jumamosi moja mchana amekalishwa kwenye kiti cha marehemu mkewe, mbele ya meza ya kukatia nguo, nyumbani kwa shemeji yake.

Shemeji mwenyewe, mdogo wa marehemu, alikuwa mshonaji mwenye ulimi usio na kifuniko. Kulia kwake aliketi mkunga mstaafu, mama mnene mpole. Wa mwisho alikuwa mpiga chapa waliyemwita Wino, maana kucha zake hazikuwahi kutakata.

"Shemeji, umefungua saa za watu maisha yako yote," mshonaji alimtania. "Hivi vijiwe havina hata springi. Vikikushinda, ni aibu yako."

Wakamfundisha. Kila mtu husimamisha kete zake mbele yake, migongo ikiwaelekea wenzake. Unaokota moja kwenye safu ya akiba, unatupa moja katikati ya meza. Unachotafuta ni mafungu manne ya kete tatu tatu, na jozi moja. Ukipungukiwa kete moja tu, na mwenzako akaitupa, unaidaka, unalaza zako zote hadharani. Umeshinda.

Mzee alijifunza kwa ukaidi, kama alivyojifunza kila kitu. Nyumbani alikata vipande vya kadibodi, akavichora miduara na mianzi kama iliyochorwa kwenye kete, akawa anacheza nafasi zote nne peke yake, akihama kiti hadi kiti. Nyumba ilikuwa kimya hata akasikia kadibodi ikitua.

Kisha akaanza kushinda. Jumamosi hii, na ile iliyofuata, na nyingine tena. Wenzake wakampigia makofi. "Mzee ana jini la kete huyu!" Naye akarudi kwake mikono nyuma, shingo juu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akapata usingizi wa maana.

Lakini mtu aliyezoea kutazama vitu vidogo haachi kutazama. Aligundua kwamba mkunga huweka mafungu yaliyokamilika upande wa kushoto, na akishayaweka hayagusi tena. Kete zisizo na fungu hukaa kulia, zikisubiri kutupwa. Siku hiyo mzee alikuwa anangoja duara saba tu. Mkunga aliokota, akatupia jicho kete za mzee, akafikiri kidogo. Mkono wake ukaenda kushoto. Ukavunja fungu zima, ukatupa duara saba katikati ya meza. Wino akaanza kuchunguza dari. Shemeji akakumbuka ghafla kwamba uzi wake umelegea.

Mzee akaelewa. Kumbe ushindi wote ule ulikuwa kilemba cha ukoka! Aliitazama ile kete. Akiidaka, makofi yatapigwa, na Jumamosi ijayo atakaribishwa tena. Akiikataa, huenda wakachoka na mtu asiyejua kupokea, sanduku likafungwa, naye akabaki na kadibodi zake. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda siku yoyote ya wiki.

Akanyoosha mkono, akaipita duara saba, akaokota kete yake kwenye safu.

"Shemeji, umeingiwa na vumbi machoni?" mshonaji akauliza.

"Naona vizuri. Mama, hiyo umeitoa kushoto."

Mkunga akainamisha kichwa. "Ulikuwa umekonda, kaka yangu."

"Tulikuonea huruma," mshonaji akasema. "Ndiyo tukamatwe?"

"Na dada yako mlikuwa mnampa?"

Wino akaangua kicheko. "Yule? Ungempa kete moja, angekunyang'anya na meza!"

"Basi nifungeni mnavyoweza," mzee akasema. "Lakini msinikalishe hapa kama mgonjwa."

Mshonaji alichezea kete kiganjani, mzee akiutazama mkono ule kama mtu anayesubiri hukumu.

"Haya," akasema mwishowe. "Lakini ukilia, shauri yako. Na usiache mapengo kati ya mafungu yako. Kwa mapengo hayo na kete unazotupa, tunakusoma kama bango."

Walimfunga bila huruma. Mkunga mpole alikuwa simba. Jua lilipokuwa limeshaiacha meza, Wino akatupa mwanzi mbili ovyo ovyo, na mzee, kwa mafungu ya kimaskini yasiyo na pambo lolote, akalaza kete zake zote.

"Mwizi!" Wino akapiga meza. "Mzee mzima, unaniibia mchana!"

"Umeotea tu," shemeji akasema kwa hasira, akizivuruga kete. Hakuna aliyepiga makofi.

Alirudi nyumbani taratibu, akipanga njiani jinsi ya kusimulia: aanze na kete mbovu alizopata, asitaje mwanzi mbili mapema, amwige Wino alivyofura. Alipofungua mlango, kila kitu kilikuwa tayari mdomoni. Akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda, upande wake, akiuelekea ule wa mkewe, akasimulia yote tangu mwanzo, bila kuruka kitu. Alipofika pa Wino akacheka, akangoja kidogo, kisha akaendelea.