Kuonja Si Kunywa

Lusia hakuwa mlevi, wala hakulea mlevi. Hilo anataka lijulikane kabla ya yote, na watu wa Daa, kijijini kwake, watakuambia hivyohivyo ukiwauliza. Alikuwa mjane mwenye shamba la mahindi, ulimi mkali na watoto wawili. Mkubwa ni Vedasto, dereva wa watalii aliyekuwa akishuka kreta ya Ngorongoro kila siku iendayo kwa Mungu. Mdogo ni Eva, aliyerudi kwa mama yake kujifungua kwa sababu mumewe alikuwa kazini mbali, kwenye kambi ya watalii kule Engaresero. Uzazi wa kwanza ulimtoa Eva damu nyingi, mtoto hakupona, naye mwenyewe akaponea chupuchupu. Nesi wa zahanati alishamwambia Lusia kwa kinywa kipana: huyu safari hii asijifungulie nyumbani, dalili ikianza tu mpelekeni hospitali Karatu mjini.

Ndiyo maana Vedasto aliomba likizo akaja na Noah yake. Gari likae uani limejaa mafuta, na yeye mwenyewe awepo. Mpango mzuri, nani angeulaumu?

Sasa sikiliza ujinga ulivyopiga hodi. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani, Lusia akaita kazi ya pombe. Kwa Wairaqw jambo hili mtoto mdogo analijua: majirani wanakuja asubuhi, wanavuna mpaka jua ligeuke, halafu wanakaa uani kwa mwenye shamba wanakunywa. Wanawake wa jirani nao huja kila mmoja na mtungi wake, kumsitiri mwenye kazi. Lakini hakuna anayegusa pombe kabla mwanamume wa nyumba hajaonja kila mtungi mbele ya macho ya watu. Aonje ameze, koo lionekane likishuka, si kulowesha midomo tu. Maana yake ni kwamba pombe hii ni safi, hakuna aliyeitia mkono mbaya, na kama kuna cha kutokea basi kianze na mimi. Pombe isiyoonjwa ni tusi. Watu watajifunga shuka zao waondoke, na mwakani ukiita utavuna peke yako na nyani.

Zamani alionja mumewe Lusia. Sasa mume amelala nyuma ya nyumba chini ya msalaba, na mwanamume wa nyumba ni Vedasto.

"Mama, leo mimi niko zamu," Vedasto alimwambia kwa sauti ya chini, akiitazama mitungi ilivyopangwa ukutani. "Eva akianza je?"

"Eva bado. Tumbo halijashuka."

"Kazini kwetu ukinuka pombe tu unafukuzwa. Anayeendesha hagusi, hata tone."

"Kwani nani kakuambia uguse? Unaonja. Kuonja si kunywa. Au unataka nikaazime mwanamume kwa jirani aje awe baba wa nyumba hii?"

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti, makusudi, wazee wasikie. Wakacheka. Mzee Clemensi, rafiki wa marehemu, akagonga fimbo yake chini. "Dereva gani wewe unaogopa kata moja? Hao wazungu wako wanakunywa bia mchana kutwa na wanaendesha kwao salama. Njoo hapa, kijana, koo zinakauka."

Kata moja ilikuwa kweli, kata moja kwa kila mtungi. Na mitungi mwaka ule ilikuwa mingi, kwa sababu Lusia ni mtu wa watu, na hapakuwa na mwanamke aliyekubali wa kwake urukwe. Vedasto alipouruka mmoja, mwenye mtungi akanuna, akauliza kama pombe yake ina funza. Ikabidi arudi aonje. Lusia alikuwa nyuma yake muda wote, ndiye aliyechota, ndiye aliyempa mkononi. Moyo wake ulijaa. Alimwona mumewe mle, mabega yaleyale, namna ileile ya kufuta mdomo kwa kiganja, na akasahau kabisa kwamba kuna gari uani.

Vedasto hakupepesuka, lazima hilo nalo lisemwe. Alikaa chini ya upenu wa nyumba, akala kande, akazungumza na wazee maneno yaliyonyooka. Ungemtazama ungesema huyu hata harufu haijampata.

Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa msitu Eva alipoita kutoka ndani. Hakupiga kelele. Aliita tu, "Mama," mara moja, na Lusia alipoingia akakuta kanga imelowa damu na mwanawe anaitazama kama kitu cha mtu mwingine.

Vedasto alishakuwa mlangoni. Akaona. Akashika funguo mfukoni, halafu akasita, na kusita kule Lusia hatakusahau mpaka aingie kaburini.

"Mama, tumwite Inosenti."

Inosenti alikuwa jirani wa mlima wa pili, mlokole, msomba vitunguu. Pombe hagusi, kwa hiyo kwenye kazi ya pombe haji, na asiyekuja kwenye kazi yako hata wewe huendi kwenye ya kwake. Miaka na miaka yeye na Lusia walikuwa wa salamu za barabarani tu. Alikuwa na pikapu, mkweche mzee ulioandikwa nyuma KAWIA UFIKE, na watu walikuwa wakisema sehemu ya kukawia ndiyo pekee anayoiweza.

"Inosenti gani?" Lusia alifoka. "Yule asiyekanyaga uani kwangu, leo nikampigie magoti? Mpaka huo mkweche wake uwake, mwenzio amekwisha. Gari hili hapa. Dereva huyu hapa."

"Mama, nimekunywa."

"Umeonja. Mbona unanitia aibu na dada yako anakufa? Unashuka kreta na watu wa dunia nzima, leo ushindwe na barabara ya kwenu? Washa gari."

Akawasha gari. Na nani asingewasha? Mama yako anakuamrisha, dada yako anavuja damu, wazee wamesimama uani na kata mikononi wanakutazama. Kuna wanaosema baada ya mambo kutokea kwamba wao wangekataa. Waache waseme, maneno hayalipiwi kodi.

Eva alilazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa mama yake. Vedasto aliendesha vizuri. Alikwepa mashimo, alipunguza mwendo kwenye ng'ombe, na kila mara alimtazama dada yake kwenye kioo akimwambia vumilia, tunafika. Lusia akapumua. Akasema moyoni, unaona, hofu tupu. Hata akaanza kutunga maneno atakayomwambia Inosenti siku wakikutana njiani.

Kabla ya kuikuta barabara kubwa kuna korongo. Masika yalikuwa yamekula njia upande wa kushoto, pamebaki ngozi ya udongo juu na shimo chini, na wanakijiji wakapanga mawe makubwa kuonyesha kwamba gari lipite kulia. Asubuhi ileile Vedasto alipita pale akitoka kununua sukari ya chai ya wavunaji. Alipita kulia kama kila mtu.

Jioni ile alipita kushoto. Hakukimbia wala hakuyumba. Alikwenda taratibu, kwa uhakika wote, akayaacha mawe upande wa kulia kwake kana kwamba ndivyo alivyofundishwa. Ardhi ikaachia. Noah ikalala kwa tumbo ukingoni, magurudumu ya kushoto yakabaki yanazunguka hewani.

Hakuna aliyevunjika hata kidole. Kwa siku nyingine yoyote watu wangecheka, wakasukuma, wakaenda zao. Vedasto alirudisha gari nyuma likazidi kuzama. Alishuka akachimba kwa mikono. Wanaume wakaja mbio kutoka uani kwa Lusia, wenye nia njema na miguu isiyowatii, huyu akasukuma huku, yule akavuta kule, na Mzee Clemensi akatoa amri ambazo hata yeye alizisahau kabla hajazimaliza. Gari likaenda chini zaidi.

"Mama, nasikia baridi," Eva alisema.

Lusia akamfunika kanga yake, akamfunika na shuka ya mtu, akamkumbatia, na bado mtoto akatetemeka. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Hakikumjia polepole. Kilimshukia chote kwa pamoja, na akajichukia kwa namna ambayo hakujua mtu anaweza kujichukia.

Mwenye akili mmoja alikuwa amekimbia kwa Inosenti. Mkweche ukaja ukikohoa, Inosenti akateremka na godoro la kitanda chake mwenyewe. Hakuuliza nani, hakuuliza vipi. Alisema tu, "Pole, mama. Mshikeni shingo," wakamhamisha. Aliendesha polepole kama alivyoendesha siku zote, na njia nzima Lusia alitamani kumkaba aende mbio, na palepale alitamani kumbusu miguu.

Mtoto alitolewa akiwa hai, wa kiume. Daktari alitoka akawaeleza kwa upole, kama mtu anayeijua kazi hiyo na haipendi. Mama wa mtoto damu ilikuwa imemwisha. Wangefika mapema kidogo, alisema, halafu akaona uso wa Lusia, akaacha sentensi yake hapo.

Lusia alikaa sakafuni. Hakulia kwanza. Alikuwa akimsikia Eva anaita "Mama," mara moja, bila kupiga kelele.

Vedasto alikuja kwa bodaboda, tope mpaka magotini, na nyuma yake wakaja Mzee Clemensi na wengine, na nyuma yao askari wa trafiki, Afande Meitamei, kwa sababu gari lilikuwa limeanguka na mtu amekufa. Walikutana nje, kwenye benchi la wanaosubiri wagonjwa. Afande alitoa pole kwa wote, ndipo akatoa kipimo.

"Pulizia hapa, kaka. Ni utaratibu."

Hapo Lusia akasimama. Hofu mpya ilikuwa imeingia juu ya msiba. Mungu, umechukua mmoja, aliomba, usinichukulie wote. Alimwona Vedasto nyuma ya nondo za gereza, akamwona kichanga mle ndani asiye na mama wala mjomba. Akaomba kipimo kinyamaze, na aliomba kwa nguvu kuliko alivyomwombea Eva njiani, na hilo pia analijua.

Vedasto akapuliza. Afande akasoma, akamgeuzia aone.

"Kipo kidogo, ila hakifiki. Gari ni lako mwenyewe, hukubeba abiria wa kulipa, na sheria inakuachia kiasi. Uko chini ya hicho kiasi. Kwa hili la pombe huna kosa, kaka. Ni ajali."

"Si tulisema," Mzee Clemensi alinong'ona, na wanaume wakaanza kupumua, mmoja akamshika Vedasto bega.

"Pima tena," Vedasto alisema.

"Nimeshapima."

"Pima tena, afande. Saa zimepita, na hata zisingepita, hicho chako hakijui kitu. Mimi nimekulia pale. Asubuhi nilipita kulia. Jioni niliyaona yale mawe, niliyaona vizuri kabisa, nikajiambia kushoto ndiko. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa na uhakika kama ule. Hicho ndicho kiasi chenu mnachotuachia."

Afande akamtazama Lusia, kama watu wanavyowatazama wazazi msiba unapomchanganya mtu. Vedasto naye akageuka.

"Mama, mwambie. Wewe ndiye uliyechota. Mwambie nilinywa mitungi yote, na mwambie nilikuambia tumwite Inosenti."

Benchi zima lilimsubiri Lusia. Inosenti alikuwa amesimama pembeni na godoro lake lililolowa, na kwa mara ya kwanza akainua uso. Maneno yote yalikuwa mdomoni kwa Lusia, na alijua kwamba mwanawe hakuwa akiomba afungwe. Alikuwa akiomba asiachwe peke yake na lile jambo. Lakini afande alikuwa pale na pingu kiunoni, na mama ni mama.

"Ana msiba, afande," Lusia alisema. "Hajui asemalo. Mwanangu hanywi. Fuata kipimo chako."

Afande akakirudisha kipimo kwenye mkoba, akatoa pole tena, akaenda.

Walimzika Eva nyuma ya nyumba, karibu na baba yake. Vedasto alichimba kaburi mwenyewe, akakataa kupokewa jembe. Matanga yalipoisha akamwomba Inosenti lifti mpaka mjini, na hakurudi tena Daa. Watu watakuambia ni kweli alikuwa chini ya kiwango, hata trafiki alisema, na mwaka uliofuata kazi ya pombe ikaitwa kama kawaida kwenye mashamba mengine, madereva wakiwemo.

Mtoto anakua kwa bibi yake, baba yake bado yuko kazini Engaresero. Maziwa ya kopo yanaletwa na pikapu ya Inosenti, na Inosenti hasemi yametoka kwa nani. Lusia alipika siku moja, akafunga chakula kwenye hotpoti, akapanda mpaka Karatu mjini akamkuta mwanawe kwenye gereji anaosha magari ya wenzake. Vedasto alimwamkia kwa heshima, akampa kiti, akamuulizia mtoto. Hotpoti akaipokea kwa mikono miwili, akamkabidhi mwenzake wa jirani, akarudi kuosha.

Ukimuuliza Lusia mwanawe yuko wapi, atakuambia yuko Ngorongoro, anaendesha watalii.