Tangazo la Ute wa Konokono

Ulimwengu na ujue: leo, hapa Daegu, amezaliwa mwandishi mkuu wa matangazo ya vipodozi. Mwandishi huyo ni mimi, Du-ho, mwanafunzi wa bweni niliye likizoni, ingawa shangazi yangu, muuza vipodozi, alikuwa bado hajaniajiri.

Alikuwa amenipa kopo la krimu ya ute wa konokono, nijipake wiki nzima ndipo niandike. Tangazo likimpendeza, kazi ni yangu.

Wiki ilipoisha nikampa tangazo langu, naye akalisoma kwa sauti. “‘Harufu yake ya waridi hukufuata hadi ndotoni.’ Waridi, Du-ho?”

“Waridi changa, shangazi.”

“Krimu hii haina harufu hata chembe, we mzushi! Hebu lete kopo.”

Nikalileta. Karatasi ya kuziba mdomo wake ilikuwa haijabanduliwa.

“Sijajipaka,” nikakiri. “Nawaogopa konokono.”